Alama Nyekundu ku Muline ya Tata

Apana. Tata yangu hakukaza ile freni. Kamata kiti, ikala, sikia mupaka mwisho, ao enda kwako, lakini ile neno usiseme tena mbele yangu. "Kichwa nguvu yake njo iliua ndugu yake." Balisema vile ku kilio. Tata bado haiko mu udongo, sanduku iko pale, bantu banalia, na mama moja wa familia, mwenye alikuwa anakula bukari, ugali ya kilio, sawa muntu wa njaa, anasema vile na nyama mu kinywa. Nilisimama. Nilimuambia hatagusa tena sahani yetu. Nilimuambia bitu bingine byenye sitasema hapa juu batoto banasikia. Nilisema kwa sauti, bote basikie: tata hakukaza.

Ye akapangusa mudomo, akaniangalia polepole. Akasema, "Sawa, mutoto wa tata yake. Sasa nani alikaza?"

Na mi, mwenye mudomo haifungikake, nilikaa chini.

Kisha ya kilio balinipatia bitu yake. Haikuwa mingi. Koti, bible, tenaye tatu, makoleo yake, na bwati, kopo ya maziwa ya unga, ile kubwa, yenye hakuna muntu alikuwa na ruhusa ya kufungua. Nilifungua. Harufu iliniingia mu pua na nikakuwa tena na miaka munane, bisigino bikavu, nguo ya masomo imepasuka ku bega: harufu ya gresi ya mashini, na chini yake, kidogo, harufu ya mushumaa.

Mutanisamehe, nitaanza ku mine, ule mugodi.

Tata alikuwa muntu wa kebo. Mu mine ya chini ya udongo, bantu banashuka mu kaje, ile chumba ya chuma sawa nyumba ya kuku, na kaje inafungwa ku kamba ya chuma, na kamba inazungukia ku ngoma moja kubwa kule juu. Mwenye kuikala ku ile ngoma, mukono ku freni, alikuwa tata. Hakuonaka kaje. Hakuonaka bantu. Aliangaliaka paka ngoma, na ku ngoma kulikuwa alama ya rangi nyekundu. Alama ikifika fasi fulani, anajua kaje imefika ku etaji fulani ya chini, anafunga freni. Bantu makumi tatu banapumua kule chini juu ya alama ya rangi. Tata alituambiaka ile maneno wakati wa kula, kijiko mu mukono, sawa vile bapadri banaelezaka mbingu.

Na kulikuwa neno moja alisemaka kila mara. "Freni ikilia, muntu anakufwa." Juu freni ya mashini ya kebo, ikianza kuteleza, inapiga kelele: kriiii, chuma juu ya chuma. Aliisikia mara moja mu maisha yake. Hakutuelezaka ile siku. Alisemaka paka ile neno, kisha anaosha mikono.

Mi nilikuwa mutoto. Mutoto akisikia neno sawa ile, haiachi ku mine. Anaibeba kila fasi.

Kisha ile mashini balisimamisha, na bantu ya kebo balirudishwa ku nyumba. Tata alikuwa na ndugu moja tu, mudogo yake, tata mudogo Kabwe. Kabwe alikuwa muntu wa kicheko. Alinipandishaka ku kinga yake, ile baiskeli, mbele, pa chuma, na kila shimo ya barabara alisemaka, "Pole madame, ndege yetu inapita mu mawingu." Bibi yake, mama Anyesi, alikuwa na mimba ya kwanza. Kabwe njo alikuya na wazo ya Nzilo.

Mwenye hajui Nzilo: ni ziwa kubwa, balifunga Lualaba na mayi ikapanda juu ya pori. Miti haikukatwa yote. Iko mule ndani mupaka leo, imesimama chini ya mayi, imekauka, inangojea. Ku kando, bantu ya wavu bako na mafasi yabo, na usijaribu kuingia. Lakini katikati, mbali, kuko samaki bakubwa benye habaingiake mu wavu. Bale, unabafuata na kukokota: bwato inaenda polepole na motere, na nyuma yake, mbali sana, ndobo yako, ile ndoano, inakokotwa na samaki ya bongo, ya kudanganya, ya chuma, inachezacheza mu mayi sawa mutoto ya samaki mwenye kuumia. Sasa ile kazi haifanyikake na fimbo ya porini. Inaomba kane ya kweli, fimbo ya kuloba ya duka, na muline ya kweli, ile mashini kidogo ya kuzungushia kamba.

Njo tulienda kwa tata Saidi. Bale bantu yake batoka ku mashariki, Baislamu, kazi yabo ni kusafirisha bitu. Kamio yake, lori, ilikuwa inafanya Kasaji, Kisenge, na kurudia. Ku Kisenge kulikuwa manyumba ya bainjinia benye balienda zamani, na mule balikuwa baliacha bitu ya kuloba: makane, mamuline, masanduku ya ndobo. Saidi alibikusanya. Alibipanga chini juu ya hema ya kamio, mu kiwanja yake, asubui, jua ingali ya upole.

Kabwe alirukia kane moja ndefu, nyembamba, ya rangi ya dhahabu. Aliipiga mu hewa, shwii, shwii. Tata akamuambia ile ni ya kutembeza ku cité siku ya mungu. Alikamata ingine, fupi, nene, akaiweka ncha ku ukuta na kuisukuma. Haikupinda. Kabwe akasema hii ni muchi ya kutwangia majani ya sombe. Tata aliitupa. Ya tatu ilikuwa ya katikati: chini ngumu, juu inapinda polepole sawa muntu mwenye kusalimia mukwe. Tata akapitisha kidole mu kila mupete ya kane, moja moja, kutafuta fasi yenye kukwaruza, juu mupete mubaya unakula kamba. Akasema, "Hii."

Kisha mamuline. Kulikuwa bile bya kamba kuzunguka mbele, bidogo, na kulikuwa moja nzito, nyeusi, yenye ngoma yake imelala. Tata alivyoiona, nilimuona sura inabadirika. Ilikuwa mashini yake ya kebo, lakini ya kutosha mu mukono. Ngoma, freni, kagurudumu ka pembeni kenye meno sawa nyota ya kukaza na kulegeza. Aliiweka ku sikio, akazungusha, akafunga macho.

Kabwe akasema, "Yaya, kaka yangu, unachagua muline ao unachagua bibi?"

"Bibi nilichagua mbio," tata akajibu. "Hii, wacha nichague polepole."

Bote balicheka, hata Saidi. Kisha tata alikaza freni yote, mupaka mwisho, akavuta kamba, na kamba ikakatala. Akafurahi. Saidi akaacha kucheka. Alimukamata mukono.

"Tata, apana. Kule ku mine freni inachunga muntu ikikamata. Huku ku mayi inamuchunga ikiachilia. Kamba ikishika muti chini ya mayi na freni inakatala, ni bwato njo itageuka."

Balibishana sana. Tata hakupendaka kufundishwa freni na muntu wa kamio. Lakini alikuwa fundi, na fundi wa kweli anakubali kitu akiiona. Saidi alitundika ndoo ku muti, tukatia mayi nusu, tata akafunga kamba, na akalegeza freni kidogo kidogo mupaka ndoo ikaanza kuvuta kamba yenyewe. Na pale muline ikalia.

Kriiii.

Ndani yake kulikuwa kameno ka chuma, kenye kugonga ku gurudumu wakati kamba inatoka, kuamusha muloba: samaki imekamata, ao kamba imeshika, zima motere. Saidi alieleza yote ile. Tata alieleza pia. Mi masikio haikuwa tena pale. Mi nilikuwa nasikia paka neno ya tata, ile ya kijiko mu mukono. Freni ikilia, muntu anakufwa. Na freni ilikuwa inalia, na tata anatabasamu, na tata mudogo Kabwe iko anapiga mikono.

Ku nyumba tata alitafuta rangi nyekundu na kijiti ya kiberiti, akaweka alama ku kagurudumu, moja, nyembamba. Akamuita Kabwe. "Hapa. Usipite hapa. Hata shetani avute." Vile alifanyaka ku ngoma yake ya mine.

Balienda Nzilo mara ngapi, sijui. Balirudia na samaki ya urefu ya mukono yangu, na mama Anyesi alikaanga, na tumbo yake ilikuwa inakuwa kubwa. Lakini kila mara mbele ya kwenda, tata alitundika ndoo mu kiwanja na kupima. Kriiii. Mi nilikimbiaka mu choo na kuziba masikio. Kabwe alinicheka, akasema mutoto ya muntu ya kebo anaogopa kelele ya panya. Unamuambia namna gani muntu mwenye unapenda: weye njo utakufwa? Juu nilikuwa nimefikiri sana, nilijua ni ye. Tata alikuwa ku motere. Mwenye kukamata kane alikuwa Kabwe.

Siku moja, mangaribi haijafika, tata na Kabwe balikuwa balienda kutafuta mafuta ya motere. Muline ilikuwa juu ya meza, kwa siku ya kesho. Nilikamata kipande ya mushumaa. Niliwasha. Nilitia matone ku katundu ka pembeni, fasi kameno kanaonekana, moja, mbili, mupaka kakajaa, na nikashindilia na kidole ingali moto, nikaungua. Kisha kagurudumu. Nilikazunguka na mikono mbili. Kalifika ku alama nyekundu, kakapita. Nilikaza mupaka meno yake ikaandika nyota mu kiganja yangu. Nilivuta kamba. Haikutoka. Haikulia.

Nilikula sana ile siku. Mama akauliza ni nini. Nilisema ni furaha tu. Na ilikuwa kweli.

Ya kesho tata alirudia peke yake.

Sikuona ile ya ku ziwa. Nilisikia tata akieleza mbele ya familia, siku ya tatu, mu sebule yetu, bazee benye kuikala ku mukeka na biti, mama Anyesi chini ku ukuta, nguo imefungwa ku kifua. Mi nilikuwa nyuma ya ridoo, pazia ya chumba. Tata alisema asubui balikuwa na haraka, upepo ulikuwa unaanza, hakupima na ndoo. Mara moja ile. Alisema kane ilikuwa imefungwa ku mbao ya bwato, vile bafanyaka juu isianguke mu mayi. Alisema ye alikuwa ku motere, mugongo ku kane, anachunga mawimbi. Kamba ilishika muti kule chini. Bwato ikavutwa pembeni. Kabwe akainama kukata, na uzito yake ikamalizia. Mayi ikaingia mara moja. Tata aliikala ameshika bwato yenye kugeuka. Kabwe hakujua kuogelea.

Muzee moja akauliza, "Na kelele? Ile mashini yako hailiake?"

Tata akasema, "Haikulia."

Sasa sikia hii, na usinicheke. Nyuma ya ile ridoo mi nilifurahi. Ndio. Nilifikiri: haikulia, basi hakuna mwenye alikufwa. Bamekosea. Kabwe iko fasi, ku kisiwa, ku bantu ya wavu, atarudia na kinga yake. Miaka munane, nawaambia. Nilikuwa nangojea kinga ku barabara hata wiki mbili kisha ya kuzika, na tulimuzika, maiti ilipatikana, mi niliona sanduku, na bado nilikuwa nangojea.

Muzee akakamata muline, ilikuwa pale juu ya meza, tata aliitoa ku kane, kane ilibakia ku bwato. Akaangalia. Hakuwa muntu wa kebo lakini alikuwa na macho. Akauliza hii alama nyekundu ni ya nini. Tata akaeleza. Muzee akaonyesha kagurudumu, vile kamepita alama, mbali.

"Nani alikaza?"

Ridoo yetu ilikuwa fupi. Leo ninajua ilikuwa fupi. Kutoka ku kiti yake alikuwa anaona miguu yangu.

"Ni mi," tata akasema. "Mazoea ya mine."

Mama Anyesi alisimama na ile mimba yake. Hakulia, hakutukana. Alisema tu, "Freni yako, yaya. Ikala nayo," akatoka. Hakuingia tena mu kiwanja yetu. Mutoto yake alizaliwa, hatukuitwa. Tata alitoka mu maneno ya familia. Ku ndoa habakumuita, ku kilio balimupatia kiti ya nyuma, peke yake. Batoto ya masomo baliimbaka "freni, freni" nikipita, na mi nilipiga bengi sana juu ya ile, nilivunja jino ya moja, na sijutii. Juu niliamini. Tata alisema ni ye, basi ni ye. Kichwani yangu nilipanga: mi nilikaza kidogo, kisha tata akakuya akakaza sana. Mukubwa hasemake bongo juu ya kitu sawa ile. Na nilimupenda na ile kosa yake. Nilimutetea na mikono. Unaona namna gani nilikuwa muzuri?

Kila siku ya mungu, kisha misa, tata alifungua ile bwati, anatoa muline, anafungua bisu, misumari yake ya kuzungusha, anapangusa, anatia gresi, anafunga. Ku ziwa hakurudia hata kuosha miguu. Nilikuwa naikala pembeni, na hivyo njo nilijifundisha. Hakuna masomo ya hii. Nilikamata dictionnaire, kitabu ya maneno, nikasoma makaratasi ya mamuline, leo bantu ya makampuni bananiletea yabo nitengeneze, na bakitaka kwenda Nzilo kukokota bananiuliza banunue nini. Ninabaambia: ngoma yenye kulala, isitikisike. Kane yenye kupinda polepole, juu ile ngumu inang'oa ndobo ku mudomo ya samaki. Kamba ya kujaza ngoma, isibakishe kidole mbili. Na freni, pima na kitu ya uzito, iachilie mbele ya kamba kukaribia kukatika. Na kelele, sikiliza kelele, muntu asiende ku mayi na muline bubu. Ninabaambia vile miaka na miaka, sauti nguvu, kama fundi. Na hata siku moja sikujiuliza kwa nini ya tata ilikuwa bubu.

Ao nilijiuliza. Wacha niseme ukweli. Nilijiuliza, na nilifunga mulango.

Kisha ile bwati. Niliifungua ku chumba yake, peke yangu, bantu ya kilio bameenda. Muline inangaa. Ngoma sawa kioo. Gresi mupya, labda ya wiki ile ile alilala. Kila musumari wa kuzungusha umegeuzwa na mukono yenye kupenda. Na ku katundu ka pembeni, mushumaa. Umekuwa wa manjano, muzee, mugumu. Juu yake kuko alama ya kidole, kadogo, mistari yote inaonekana. Na kagurudumu kamepita alama nyekundu, pale pale nilikaacha.

Alifungua ile mashini kila siku ya mungu, miaka yote ile. Alitoa kila kitu na kurudisha kila kitu. Ile alama ya kidole hakuigusa.

Sitaeleza vile nililia. Ile ni yangu peke yangu.

Mama Anyesi hakukuya ku kilio. Balimufikishia habari, akajibu anajua, basi. Iko bado ku nyumba yake, mulango ya bluu, karibu na reli, na mutoto yake iko mukubwa sasa, anacheka sawa tata yake, nimemusikia mbele ya mulango. Nimemusikia juu nimefika pale mara mbili, na muline mu saki, mufuko yangu. Mara ya kwanza nilisema pengine banakula. Mara ya pili hakukuwa sababu. Ku kilio nilikuwa na sauti ya kufukuza mama muzima ku sahani, na mbele ya ile mulango sina.

Nikisema, tata atarudishiwa jina yake. Ye hakuomba irudishwe. Alichagua, sawa vile alichaguaka kila kitu, polepole, na sikio. Na mama Anyesi atakuwa na muntu mupya ya kuchukia, mwenye alibebwa ku kinga ya bwana yake. Nikinyamaza, mama yule wa bukari ataendelea kula na kusema.

Saki iko hapa ku miguu yangu. Weye mwenye ulikuwa unasema kichwa nguvu ya tata yangu, weye mwenye mudomo mwepesi: ungepiga hodi?